Ritifaa ya Mama Mkwe

Sitaliandika jina la mama mkwe wangu hapa, na si kwa sababu ya adabu ya waandishi. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume halitamki jina la mama wa mkewe, hali naye chakula, na wakikutana njiani mmoja wao hukumbuka ghafla kwamba amesahau kitu nyumbani. Mimi ni mtu wa kuja, nimezaliwa Morogoro. Nilipooa kijijini Zagayu niliipokea miiko hiyo kama watu wanavyoyapokea masharti ya makampuni ya simu: nikasema nakubali, nikaendelea.

Niseme tu kwamba jina lenyewe linaanza na N na G, na baada yake inakaa ile alama ndogo ya juu ambayo vitabu vinaiita ritifaa na watu wengine wote wanaiita "ile ya ng'ombe." Iondoe, na ng'ombe anakuwa ngombe, mnyama ambaye hajawahi kuzaliwa. Mkoani tunakoishi alama hiyo si pambo. Ukirusha jiwe sokoni Bariadi bila kuangalia, litampata mtu mwenye ritifaa, na likidunda litampata mjukuu wake.

Wakati huo nilikuwa Afisa TEHAMA wa halmashauri. Mkoa ulikuwa mpya, ofisi zinanukia rangi, na mimi nilikuwa na shahada ya sayansi ya kompyuta iliyonifundisha jinsi ya kuzipanga taarifa milioni moja kwa kufumba na kufumbua. Kazini nilibadilisha wino wa mashine za kuchapa na kuwakumbusha wakuu wa idara nywila zao, ambazo waliziita pasiwedi na kuziandika kwenye kalenda ya ukutani. Mkurugenzi aliniita "mtaalamu." "Mtaalamu, projekta!" alisema, nami nilikwenda kuichomeka projekta.

Ilikuwa miaka ambayo soko huria lilikuwa limekwisha kupata wenyewe wapya kwa karibu kila kitu chenye mashine. Vinu vya kuchambua pamba vilikuwa na wenyewe, simu zilikuwa na wenyewe, na sasa hata mifumo ya serikali ilitengenezwa kwa zabuni. Mfumo wa kuhakiki watumishi na wategemezi wao ulitengenezwa na kampuni iliyoshinda kwa bei ya chini. Kampuni ikakabidhi, ikapigwa picha, ikaondoka. Kwenye picha ule mfumo ulikuwa mzuri sana.

Mama mkwe aliugua pamba ikiwa na majani mawili tu. Kwangu ugonjwa ulitajwa kuwa "tumbo," kwa sababu mkwe haambiwi zaidi ya hapo. Lakini siku mke wangu aliporudi naye kutoka kwa daktari, alikaa kwenye cherehani yake bila kushona, akauvunja mwiko.

"Ni uvimbe kwenye kizazi," alisema. "Daktari anasema ukitolewa mapema, anapona. Ukichelewa, unahama."

"Unahamia wapi?"

"Kila mahali. Apelekwe Mwanza, hospitali ya rufaa. Apelekwe na kadi ya bima."

Kuuza ng'ombe kulijadiliwa Zagayu, na mama mkwe mwenyewe ndiye aliyekataa. Matibabu yale yangemaliza zizi, na zizi lilikuwa mahari ya kijana wake wa mwisho. Isitoshe, alisema, ana mkwe serikalini, tena mkwe wa kompyuta. Kadi ipo.

Kadi ilikuwepo, kwa maana kwamba mimi nilikuwa mwanachama na yeye nilikuwa nimemwandikisha kama mtegemezi. Ila mfumo mpya ulitaka kila mtegemezi ahakikiwe upya, na jina lake lilingane na la kitambulisho cha taifa herufi kwa herufi. Kitambulisho chake kilikuwa hakina kosa. Kiliandikwa na karani aliyeijua lugha, na ritifaa ilikaa mahali pake. Nikaliingiza jina kama lilivyo. Mfumo ukajibu kwa maandishi mekundu: *Herufi isiyoruhusiwa.* Nikaitoa ile alama, nikajaribu tena. *Jina halilingani na kitambulisho.* Nikairudisha. Herufi isiyoruhusiwa. Nikaitoa. Halilingani. Nilikaa pale kama mtu aliyefungiwa kati ya milango miwili, na kila mlango unamwambia apitie mwenzake.

Nje ya ofisi yangu walikuwa wamesimama walimu, wauguzi na mtendaji wa kata mmoja kutoka Sapiwi, wote wana alama hiyo wao au wazazi wao. Niliwaeleza kwamba mimi nina ruhusa ya kuangalia tu. Naweza kuliona tatizo lao vizuri kuliko mtu yeyote wilayani, na sina ruhusa ya kuligusa.

"Kwa hiyo wewe ni kama mchungaji wa ng'ombe wa jirani," alisema yule mtendaji. "Unawaona wanavyokula shamba."

"Mchungaji ana fimbo," nilimjibu.

Muda mfupi baadaye wakaja wakubwa kutoka makao makuu kutufundisha mfumo wenyewe. Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa hoteli, kwa chai na sambusa. Mwezeshaji alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti ya mtangazaji. Alituonyesha michoro ya rangi inayopanda kuelekea kulia. Nikanyoosha mkono, nikaeleza habari ya alama.

"Kwani hao watu hawana majina ya kawaida?" aliuliza.

"Hayo ndiyo ya kawaida," alidakia afisa mwenzangu wa wilaya ya Itilima. "La kwako ndilo tunaloliona la ajabu."

Ukumbi ulicheka, na mwezeshaji alicheka pia, kwa kuwa alikuwa mtu mwema. "Basi hiyo tuiandike kama changamoto ya kimazingira," alisema, akabonyeza, mchoro mwingine ukatokea. Changamoto ya kimazingira. Tulikuwa tumewekwa fungu moja na ukame na tembo.

Wakati wa chai nilimfuata. Nilimweleza kwamba sisemi kwa ajili ya takwimu, kuna mgonjwa. Aliweka kikombe chini, akapunguza sauti.

"Kaka, nikwambie ukweli. Mkataba na kampuni umeisha. Mfumo tunao, lakini ndani hakuna anayeweza kuingia. Kuongeza hata nukta ni badiliko. Badiliko linataka zabuni. Zabuni inataka bajeti."

"Na mgonjwa?"

"Mgonjwa…" Aliitazama sambusa yake. "Ushauri wangu, msiuguse mfumo. Mguseni mgonjwa. Kitambulisho kinabadilishwa. Itoeni ile alama huko."

Ndivyo nilivyojikuta nazungumza na dawati la msaada. Simu za ofisi zilikuwa zimekufa kwa sababu watengeneza barabara walikuwa wameukata mkongo wa mawasiliano kwa katapila, kwa hiyo nilipiga nikiwa nyumbani. Mama mkwe alikuwa mjini kwa ajili ya kliniki. Hawezi kulala nyumba ya mkwe wake, tulikuwa tumempangishia chumba cha jirani, lakini mchana alikaa na mke wangu uani kwetu wakichambua mchicha, na mimi nilipita mlango wa mbele kama mwizi.

"Dawati la msaada, nikusaidie nini, mkuu?"

Nilieleza.

"Poa. Nitajie jina la mama."

Uani nilimsikia mama mkwe akicheka na mke wangu. Nikapata akili ambayo wakati huo niliiona ya kisomi: herufi si jina. Nikasema kwa sauti ya chini, "Andika. N ya Nzega. G ya Geita. Halafu ritifaa."

"Ritifaa ndiyo nini, mkuu?"

"Alama. Kama koma iliyopanda juu."

"Aaa, ile ya ng'ombe! Mkuu si ungesema. Endelea, ila ongeza sauti, unakatika."

Nikaongeza sauti. Nikaendelea mpaka herufi ya mwisho, na nilipofika huko, uani palikuwa kimya.

"Sasa nisomee lote kwa pamoja, nihakikishe."

"Haiwezekani."

"Haiwezekani kivipi? Utaratibu ndiyo huo, mkuu. Simu inarekodiwa."

Nilitoka nje kwa mlango wa mbele, nikavuka barabara, nikaenda hadi kijiwe cha bodaboda. Nikageuka kuelekea ukuta wa duka la pembejeo, na hapo nikalitamka jina la mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza maishani. Mtandao ukakata. Nikapiga tena, nikalitamka mara ya pili, kwa kelele.

"Huyo anayeitwa hivyo kakukosea nini, mzee?" aliuliza dereva mmoja. "Mbona unaugombeza ukuta?"

Niliporudi, mke wangu alikuwa mlangoni na kisu cha mchicha.

"Mama kaenda kwake," alisema. "Anasema mkwe wake amemtaja kwa vipande, kama anayegawa nyama."

"Nilijaribu kuheshimu."

"Anajua. Ndiyo maana ameondoka kimya."

Dawati la msaada lilijibu kwamba ili alama iondolewe kwenye kitambulisho, mwenye jina lazima aape kwa wakili kwamba jina lenye alama na jina lisilo na alama ni ya mtu mmoja, na kwamba kuanzia sasa atajulikana kwa hilo la pili. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, alikuja na pikipiki kutoka Zagayu kusikiliza shauri hilo. Ni mfugaji, ana maneno machache na yote yana ncha.

"Shemeji, si wewe mwenye kompyuta zote za wilaya?"

"Ninazitunza tu."

"Mbona basi zinamkataa mama yetu?"

"Zimetengenezwa mbali."

"Mganga wa kule kwetu hajasoma," alisema, "lakini haulizi herufi. Unampelekea mgonjwa, anamtazama mgonjwa."

Nilitaka kumwambia kwamba mganga hawezi kuutoa uvimbe, lakini wakati huo na mimi nilikuwa siwezi.

Tulikwenda kwa wakili watu wanapalilia. Mimi nilikaa kwenye benchi la nje, mlango ukiwa wazi. Wakili aliusoma ule waraka kwa sauti, akalitamka jina jipya kama lilivyoandikwa, kwa G nzito, na nikamsikia mama mkwe akicheka.

"Huyo ni nani?" aliuliza kwa Kisukuma.

"Ni wewe, mayu," mke wangu alimwambia. *Mayu* ni mama.

"Si mimi. Mimi ni bibi yangu aliyerudi, jina langu ni lake. Huyo hata simjui mama yake."

"Ni wa kwenye kadi tu, mayu. Wa hospitali."

Halafu nikasikia kiti kikisogezwa, na wakili akisema, "Dole gumba hapa, mama. Bonyeza. Na hapa."

Alitoka amekishika kidole chake kwa mkono mwingine, kana kwamba kimeungua. Aligeuza uso upande wa pili aliponipita, kama ilivyo desturi, na nilishukuru kwa desturi.

Halafu tukasubiri. Nilituma ombi, ombi likarudi na neno *Limetatuliwa* huku hakuna kilichobadilika. Nikatuma jingine. Nilijifunza kwamba kwenye takwimu za makao makuu kila ombi langu lililofungwa lilihesabiwa kama mwananchi aliyehudumiwa, kwa hiyo kadiri nilivyozidi kulia ndivyo ile michoro ya rangi ilivyozidi kupanda kuelekea kulia. Mama mkwe alianza kukonda. Mke wangu alimpunguzia nguo zake kwenye cherehani, halafu akazipunguza tena. Pamba ikachanua. Barabara ya Kasoli ikajaa malori yaliyoshindiliwa hadi juu. Hapo ndipo jina likalingana.

Mfumo uliandika kwa kijani: *Mtegemezi amehakikiwa.* Nilipiga meza kwa ngumi, na mkurugenzi akachungulia mlangoni. "Projekta?" aliuliza.

Tukaenda Mwanza. Siku ya kulazwa tuliwekwa kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi. Mama mkwe na mke wangu walikaa upande mmoja, mimi nikakaa mwisho wa upande wa pili, mgongo ukiwaelekea, kama mkwe anavyopaswa. Mke wangu alitumwa maabara kufuata majibu ya damu. Hapo akatokea muuguzi na karatasi, akaanza kuita wanawake watakaopata vitanda.

Aliita mmoja, akanyanyuka. Aliita wa pili. Kisha akaita jina lenye G nzito, akaita tena kwa sauti kubwa zaidi. Nakumbuka vizuri nilichowaza. Niliwaza: maskini, huyu mgonjwa hana ndugu wa kumwitikia.

"Hayupo," alisema muuguzi. "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwepo. Alikuwa anakwenda zake na mfuko wake wa nguo wakati nilipoelewa. Niligeuka. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anamtazama muuguzi kwa makini sana, kama mtu anayengoja kuitwa.

Nilimkimbilia muuguzi mlangoni.

"Yupo. Yule pale. Ndiye uliyemwita."

"Nimeita mara mbili, baba. Mbona haitiki?"

"Halijui hilo jina."

"Jina lake mwenyewe halijui?"

"Lake lina alama."

Alinitazama kama watu wanavyowatazama ndugu wa wagonjwa waliochoka. Hakuwa mkali. Alinionyesha karatasi, akanionyesha wodi: vitanda vilikuwa vimejaa, na wanawake wawili walikuwa wamelala chini kwenye magodoro. "Wiki ijayo," alisema. "Na siku hiyo mwambieni aitike."

Wiki hiyo mke wangu alimfundisha mama yake kuitika. Tulikuwa tumefikia kwa ndugu zao wachuuzi wa samaki waliohamia kutoka Lamadi, na jioni, watu wanapanga dagaa kwenye magunia, nilimsikia mke wangu chumbani akiita lile jina la G nzito, na kimya kikifuata, na mke wangu akisema, "Itika, mayu," na mama yake akijibu kwa sauti ndogo, "Naam." Wale ndugu hawakuelewa ni mchezo gani. Watoto wao walianza kuliita lile jina uani na kuitikia naam wao wenyewe.

Wiki iliyofuata aliitika. Alilazwa, na kesho yake akaingizwa chumba cha upasuaji. Daktari alikuwa ametuambia itachukua muda mrefu, tukale kwanza. Hatukuwa tumefika hata getini tulipoitwa kurudi.

"Tulifungua," alisema, "tukafunga."

Mke wangu alishika ukuta. Mimi, kwa kuwa nimesoma, niliuliza swali.

"Ingekuwa wakati wa kupanda?"

Alifikiri. Nadhani alikuwa anachagua kati ya ukweli na huruma, na nilimwona akikosea kuchagua. "Wakati wa kupanda," alisema, "ndiyo."

Tulimrudisha Zagayu. Kilichobaki kwa kadi kutufanyia kilikuwa dawa ya maumivu, ile kali ya maji ambayo haiuzwi dukani. Shemeji aliifuata hospitali kwa pikipiki, na kila mara kadi ilisoma jina, ikakubali. Nitautendea mfumo haki: katika hilo haukukosea hata mara moja.

Mama mkwe hakuwa ameambiwa, lakini alijua. Siku moja alimwita binti yake, akamwambia sasa jina lirudishwe. Mimi nilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta wa udongo, kwenye kigoda nilichowekewa, na Kisukuma changu kilitosha.

"Kazi ya watu wa kadi imeisha," alisema. "Mwambie mkwilima alirudishe jina langu." *Mkwilima* ni mkwe, yaani mimi.

"Litarudi, mayu."

"Niliapa kwa kidole changu kwamba mimi ni yule mwingine. Bibi atakuja kunichukua, ataniita. Nitasema naam, naye atasema, wewe si umeapa kwamba si wewe?"

Mke wangu alitoka nje kunitazama. Kompyuta yangu ilikuwa magotini, na mtandao ulikuwepo, kidogo. Nilikuwa nimekwisha kuuliza makao makuu. Alama ingeweza kurudi kwenye kitambulisho, kwa kiapo kipya, na kidole kipya, na siku hiyo hiyo inaporudi jina lisingelingana tena na la bima, na kadi ingefungwa. Na kadi ndiyo ilikuwa chupa ya dawa. Mwezeshaji yule yule ndiye aliyenijibu, kwa upole. Alisema wamepeleka ombi la bajeti kwa ajili ya herufi.

"Nikilirudisha," nilimwambia mke wangu, "dawa inakatika."

"Kabisa?"

"Kabisa. Achague mwenyewe. Tumwambie."

Alitazama mlango wa nyumba ya mama yake. Ndani alisikika akihema kama anavyohema mtu aliyebeba kuni. Mke wangu alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akaingia. Nilimsikia akiketi kitandani.

"Mayu," alisema, "ameshalirudisha. Amenionyesha. Na alama yake ipo."

"Umeiona wewe?"

"Nimeiona."

"Juu, baada ya zile mbili za kwanza?"

Hajasoma. Sijui alijuaje ilipokaa, labda siku ile nilipokuwa namtaja kwa vipande alizihesabu.

"Hapo hapo, mayu."

Nikasikia kitanda kikilia, mama mkwe akijiinua.

"Basi," alisema, "nipeni uji."